Maji ya Udhu kwa Daktari Idil

Waswahili husema hasidi hana sababu. Basi hawakuwahi kukutana na mimi. Sababu nilikuwa nazo, tena nyingi, na kila moja nilikuwa tayari kuiapia. Leo nitazisema zote, maana aibu yenyewe nimeshaimeza.

Naitwa Maka. Nina studio ya picha hapa Garissa, chumba kimoja chenye mlango wa bluu, ukivuka barabara kutoka soko la mbuzi. Mchana napiga picha za vitambulisho, za pasipoti, na za watoto wa shule wanaomaliza darasa. Hizo ni za kununulia sukari. Kazi iliyonijenga ni harusi, na si harusi nzima, ni upande wa wanawake tu.

Ukitaka kunielewa, uelewe kwanza upande huo. Ukumbini mwanamume haingii. Mlangoni huwekwa beseni, kila mgeni anatumbukiza simu yake humo, na mama mmoja mkali hukalia kiti akililinda. Ndani wanawake huvua mabuibui, nywele zikaonekana, mabega yakaonekana, wakacheza mpaka wakalowa jasho. Kamera inayoruhusiwa ni moja, nayo ni yangu. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna picha hata moja iliyovuja kutoka mkononi mwangu. Enzi za filamu nilizisafisha mwenyewe bafuni, taulo limeziba mwanya wa mlango, mume wangu Shurie akigonga nje kwamba anataka kuoga. Siku hizi namkabidhi bibi harusi flashi yake yenye picha zote, kisha nafuta kila kitu kwenye kamera mbele ya macho yake.

Watu husema, "Maka ni sanduku." Ni sifa kubwa, siikatai. Lakini hebu fikiria ubaya wake. Kazi zangu zote nzuri zimelala ndani ya masanduku ya wanawake wengine, chini ya nguo, kwa kufuli. Mwaka mmoja nilimpiga bibi kipofu akimpapasa mjukuu wake usoni, vidole vikipita kwenye nyusi, mdomo, kidevu, ili naye amwone bibi harusi kabla hajachukuliwa. Machozi yalinijaa, nikapiga kwa kubahatisha. Wallahi sijapiga tena picha kama ile. Iko wapi? Msichana aliolewa Mandera na sanduku likaenda naye. Ukutani kwangu, mahali mteja anapoweza kutazama, kuna daraja la mto Tana, kuna ngamia, na kuna karatasi ya bei.

Basi mwaka juzi, alasiri moja, akaingia Mohamedamin. Huyu ni mshauri nasaha katika hospitali moja ya hapa mjini, ambayo jina lake nitaliacha. Ni kijana mwembamba, mpole, na ana tabia ya kuuliza swali kisha kunyamaza mpaka wewe mwenyewe unaona haya ukajibu. Tuliongea Kisomali, na maneno yetu nayaweka hapa kwa Kiswahili.

"Eeddo Maka," alisema, maana vijana wote huniita hivyo, shangazi, "madaktari wangu wanakauka."

"Wapeni maji," nikamjibu. Nilikuwa nakata picha za pasipoti na mkasi haukuwa mkali.

Alicheka kidogo, kisha akakaa kwenye kiti cha wateja. "Daktari ukimuuliza hali, anasema niko sawa. Amepiga zamu mbili hajalala, amempoteza mtu mikononi, bado yuko sawa. Uchovu wao si ule wa kulala ukaisha. Mmoja aliniambia ananawa mikono nusu saa nzima kwa sababu hataki kurudi wodini. Nimewakalisha waongee, wanatazama saa. Lakini mtu ukimpa picha aliyoipiga mwenyewe, ukamwambia aieleze, ataanza na picha na kumalizia na nafsi yake."

Mpango wake ulikuwa hivi. Madaktari watano, Jumamosi nane, baada ya swala ya alasiri. Kila mmoja alete picha moja aliyoipiga wiki hiyo kwa simu yake. Asionekane mgonjwa hata mmoja. Alihitaji mtu wa kuwafundisha, na mtu huyo awe sanduku, kwa sababu yatakayosemwa pale hayatoki nje.

"Na mwisho wake," aliongeza akiwa ameshafika mlangoni, "tutachagua picha moja, ya yeyote, hata ya mwalimu. Tutaikuza, tuitundike kwenye ukumbi wa kuingilia hospitali. Ukuta ule wote uko wazi."

Ukuta ule naujua. Mji mzima unaupita, wanaokuja kuzaa, wanaokuja kuzika, wanaume kwa wanawake. Kabla hajafunga mlango nilikuwa nimeshaupima kwa futi kichwani. Nikisema nilikubali kwa kuwahurumia madaktari, nitakuwa nimeongeza dhambi juu ya dhambi.

Tulikutana katika chumba kilichokuwa stoo ya mafaili. Mlinzi wa geti, mzee Alio, alikuwa akinifungulia na kusema, kila p kwake ikiwa b, "Haye, mama ya bicha, bita, bita." Ndani tuliongea Kiswahili kwa ajili ya daktari wa meno, mtu wa Machakos asiyejua Kisomali. Daktari Abdihafid wa upasuaji alileta picha ya gari lake wiki tatu mfululizo. Wengine wawili walileta miti. Na alikuwepo Daktari Idil.

Idil alikuwa na miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Wajir, daktari wa wodi ya wazazi. Sauti yake ilikuwa ndogo, mpaka unamsogelea. Simu yake ilikuwa imepasuka kioo. Wiki ya kwanza alileta picha ya feni ya darini, nayo haikutulia, ukiitazama unapata kizunguzungu. Nilimpenda papo hapo. Mwanafunzi asiyejua kitu anapendeka. Nilimfundisha kupiga magoti, kungoja, kulipa jua mgongo, na yeye aliitikia "haa, eeddo" kwa kila neno.

Jumamosi ya pili alitoa karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa koti lake jeupe, akaiweka mezani. Ilikuwa barua ya kuacha kazi.

"Nimeandika hii mwezi wa nne," alisema. "Nimejipa hizi Jumamosi nane. Zikiisha na roho yangu iko hivi hivi, napeleka. Naenda Wajir kuuza nguo na mama."

Wote tulijua maana yake. Wanawake wanaletwa kutoka Ijara, kutoka Modogashe, barabara imewachosha na mtoto amekwama, na katika hospitali ile daktari mwanamke anayejua kisu na anayejua Kisomali alikuwa yeye peke yake. Mohamedamin alimrudishia barua kwa mikono miwili. Idil akairudisha mfukoni, na tangu siku hiyo kila Jumamosi macho yetu yalipitia kwanza kwenye mfuko ule.

Wiki ya tatu alileta kiti cha plastiki kilichovunjika mguu, na mguu umefungwa bendeji. Tulicheka sana, naye akacheka, mara ya kwanza. Nikasema mashallah, na ilitoka moyoni. Wiki ya nne alileta kivuli chake sakafuni kando ya kivuli cha mti wa kutundikia dripu, na vivuli vile viwili vilikuwa na unene mmoja. Nikasema mashallah, lakini hiyo ilipitia puani.

Siku hiyo hiyo ya nne nami nilileta yangu, mwalimu aonyeshe njia. Ngamia kumi na wawili wakinywa mtoni Balambala, huko nilikozaliwa, vumbi limewasimamia juu kama hema. Shurie, dereva wa lori, alilazimika kuacha safari yake ya Modogashe anipeleke, nami nililala matopeni saa mbili nzima. Hii ndiyo niliyokuwa nimeipimia ukuta. Daktari Abdihafid aliishika, akaitazama kwa heshima zote.

"Mashallah, eeddo. Nzuri sana. Kama ya kalenda."

Kalenda! Matusi nayajua kwa lugha tatu, na hakuna tusi lililowahi kunikwama kooni kama sifa ile. Wengine wakaitikia kwa kichwa, naam, ya kalenda kabisa. Kisha wakairudia picha ya Idil ya vivuli wakaizungumza kwa dakika ishirini. Nilihesabu.

Sasa tufike wiki ya tano, ambayo ndiyo wiki yangu.

Walikuwa wakinitumia picha kwa simu siku ya Alhamisi. Mimi nazichapisha Ijumaa baada ya swala, nazipanga mezani Jumamosi. Sheria ilikuwa ile ile ya harusini: tukimaliza nafuta simuni mwangu mbele yao, na nakala ya karatasi mwenyewe aichukue au ichanwe. Ijumaa hiyo mashine ilitoa miti, ikatoa gari, kisha ikatoa ya Idil. Nilikaa chini.

Ni ukuta mfupi ulio nje ya wodi ya wazazi. Familia ikimletea mzazi chai ya maziwa huiacha chupa hapo juu, kwa sababu ndani hakuna nafasi. Chupa zenyewe zinatoka maduka yale yale, zina maua yale yale, kwa hiyo kila nyumba hutia alama yake, kama wazee wanavyowatia ngamia chapa wasichanganyike kisimani. Moja ina rangi ya kucha, nyingine kitambaa, nyingine herufi iliyochongwa kwa msumari. Idil alizipiga asubuhi, jua likiwa upande, chupa saba zimesimama mstari na vivuli vyao virefu vimeegemeana kama wanawake waliochoka kungoja. Sita zinang'aa. Moja, yenye uzi mwekundu mkononi, imeshika vumbi.

Ukuta ule nimeupita mara ngapi? Nimewahi kuweka chupa zangu pale dada yangu alipojifungua, mara mbili. Nimepita na kamera begani nikienda kupiga picha za watoto wachanga. Miaka ishirini na miwili, na sikuona kitu. Huyu, mwenye simu iliyopasuka na mikono inayonuka dawa, ameona. Na picha yake haihitaji sanduku. Hakuna bega ndani yake, hakuna unywele. Mwanamume yeyote anaweza kusimama mbele yake. Itatundikwa, nilijua hapo hapo kwamba itatundikwa.

Kwetu ukiona kitu kizuri cha mwenzio, mtoto, mfugo, nyumba, unasema mashallah. Si adabu tu, ni kinga. Jicho lisilotajiwa jina la Mungu humwangusha ngamia aliyesimama. Hilo nalijua tangu sijang'oa meno ya utoto. Ijumaa ile nilifungua mdomo, nikaufunga. Sikusema.

Kesho yake picha zilipangwa mezani na kila mtu aliishika ile ya chupa kabla ya yake mwenyewe. Mohamedamin akamwambia Idil aieleze. Alianza polepole. Hii ya rangi ya kucha ni ya mama wa mapacha. Hii ya kitambaa ni ya msichana wa kwanza kuzaa, mama mkwe wake anakuja mara nne kwa siku. Alipofika kwenye uzi mwekundu alisimama.

"Hii hakuna mtu amekuja kuchukua. Nilipoipiga ilikuwa siku ya tatu. Mwenyewe alikuwa kwa zamu yangu. Damu ilikataa kusimama. Niliosha mikono, nikatoka nje, nikaona chai yake bado iko pale. Niligusa. Ilikuwa moto."

Daktari wa meno alivua miwani akaiweka mezani. Abdihafid alisema "subhanallah" chini chini. Hapakuwa na mtu aliyetazama saa. Mohamedamin alikuwa akinyamaza ule unyamavu wake, na uso wa Idil ulikuwa umeanza kulegea, kama mtu anayetua mzigo na bado hajaamini kwamba ameutua.

Nami nikaiona miwani ile mezani. Hakuna aliyevua miwani kwa ngamia wangu.

"Mstari umepinda," nikasema. "Chupa ya mwisho umeikata. Na mwanga umeunguza ukuta huku juu. Nilikufundisha kulipa jua mgongo."

Idil alinitazama, kisha akaitazama picha kama mtu anayeambiwa kwamba nguo yake imechanika nyuma.

"Nifute, eeddo?"

Ningeweza kusema hapana. Neno fupi kuliko yote.

"Picha ni yako," nikasema.

Akaifuta. Simuni mwake kwanza, kisha akaondoa na ule ujumbe alionitumia, ukatoweka hata kwangu. Nakala ya karatasi akaisukuma upande wangu. "Hiyo chana," alisema, akashika mkoba wake na kutoka. Mohamedamin alinitazama mara moja tu. Picha sikuichana. Niliitia ndani ya bahasha, nikaifungia kwenye droo pamoja na filamu zangu za zamani. Usiniulize kwa nini. Mwizi haibi kitu asichokipenda.

Jumamosi ya sita kiti chake kilikuwa kitupu. Alimwandikia Mohamedamin maneno mawili, "Niko sawa." Jumamosi ya saba kiti kikawa kitupu tena, na Mohamedamin akatuambia. Jumatano Idil alikuwa amefanya kazi saa thelathini na nne. Alipokuwa akinawa mikono kabla ya upasuaji wa tatu alianguka chini, paji la uso likagonga beseni la kunawia. Wamempa mapumziko. Yuko nyumbani, hali chakula vizuri, hataki wageni. Na amesema Jumatatu atamtuma mtu aipeleke barua.

Nilirudi nyumbani, miguu ikienda bila mimi. Shurie alikuwa amekaa mkekani akinywa chai. Mume wangu ni mtu wa lori. Kwake kila jambo lina spea.

"Amechoka," alisema nilipomaliza kumweleza. "Hata lori huzima ukiliendesha hivyo. Atapoa."

"Sikusema mashallah."

Hapo Shurie aliweka kikombe chini. Baba yake na babu yake walikuwa watu wa ngamia. "Ulikuwa na nini naye?"

"Wivu."

"Mwingi?"

"Kwa dakika kumi nilimchukia."

Alifikiri. "Dakika kumi zinatosha," alisema, akainuka kwenda kuswali.

Dawa yake kila mtu kwetu anaijua. Mwenye jicho hutawadha, maji yake yakakingwa, aliyedhurika akamwagiwa. Ila jinsi linavyofanywa ni jambo la siri na la kisirani. Jamaa wa mgonjwa humshuku mtu, wakamtumia mjumbe kwa hila, wakayapata maji au wakaiba kitambaa alichokigusa, na mshukiwa akijua huwa ugomvi wa miaka. Watu wamehama mitaa kwa hilo. Mtu hajipeleki. Kujipeleka ni kusema mbele ya watu: husuda ni yangu, jicho ni langu. Mwanamke anayeingia kwenye harusi za watu na kuwatazama mabibi harusi kwa kamera, akisemwa ana jicho, biashara yake imekwisha siku hiyo.

Jumapili baada ya alasiri niliweka beseni bafuni, pale pale nilipokuwa nikisafisha filamu, nikatawadha juu yake. Maji ya mdomo, ya uso, ya mikono hadi viwiko, ya miguu. Sikupata chombo kingine chenye kifuniko kisichovuja, basi nikayatia kwenye chupa yangu ya chai, ile yenye alama ya rangi ya kijani. Nikachukua bahasha kwenye droo. Nikavaa buibui, nikatoka.

Idil alikuwa akiishi kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya hospitali. Alinifungulia kwa sababu hakutegemea kwamba ni mimi. Paji la uso lilikuwa na plasta na macho yameingia ndani. Barua ilikuwa juu ya meza, safari hii ndani ya bahasha, imeandikwa jina.

Tulikaa mkekani. Salamu za kwetu ni ndefu, nami nilizirefusha zaidi.

"Umeniletea chai, eeddo," alisema akitazama chupa. "Sina hamu, lakini ahsante."

"Si chai. Ni maji."

"Maji?"

"Ya udhu wangu."

Yeye ni mtoto wa Wajir. Hakuhitaji kuelezwa. Mkono wake uliokuwa ukielekea kwenye chupa ulisimama.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Kuna watu wamesema?"

"Hakuna aliyesema. Nimejileta."

"Mtu hajileti, eeddo."

"Basi mimi nimejileta. Picha yako ya chupa niliiona Ijumaa, kabla yao wote. Sikusema mashallah. Nilijua nisiposema kutatokea nini, na sikusema. Jumamosi nikaongeza na mdomo."

Daktari ni daktari, akaanza na dawa. "Nilianguka kwa sababu sikula tangu juzi yake. Sukari ilikuwa chini. Jicho lako halikuhusika."

"Huenda. Sijui ya sukari. Najua ya Jumamosi ile."

"Ulisema mstari umepinda."

"Ulikuwa umepinda. Ukuta wenyewe umejengwa umepinda, mjenzi alikuwa mjinga. Hilo si kosa la picha."

"Na mwanga?"

"Mwanga ulikuwa kama ulivyo asubuhi. Idil, nilikuonea wivu. Miaka ishirini na miwili nimeupita ukuta ule. Nilitaka picha ile iwe yangu, na ilipokuwa haiwezi kuwa yangu nilitaka isiwepo."

Nilingoja anifukuze. Badala yake alianza kutabasamu upande mmoja wa mdomo, kwa mashaka, kama mtoto anayedhani anadanganywa.

"Wewe? Ulinionea wivu mimi?"

"Siku tatu chakula hakikupita."

"Watu hunionea wivu mshahara," alisema. "Hawajui makato. Hakuna mtu amewahi kunionea wivu kitu nilichokifanya." Kisha akaweka mikono usoni, na sikujua kama anacheka au analia, na baadaye nikajua kwamba ni yote mawili. "Kumbe ilikuwa nzuri. Eeddo, nilidhani nimemwanika yule mama bure. Nilidhani nimetoa siri yake kwa kitu kibovu. Siku zote hizi nilidhani hivyo."

Mimi nilidhani nimeharibu picha. Kumbe nilikuwa nimemrudishia maiti mikononi.

Nikaitoa bahasha, nikampa. Hakuuliza kwa nini sikuichana. Aliipeleka dirishani, akaitazama chupa moja moja, akapitisha kidole kwenye uzi mwekundu. Aliporudi alikaa mbele yangu, akavua mtandio, akainamisha kichwa.

"Mwaga," alisema.

"Si umesema ni sukari?"

"Sukari imeshapanda. Mwaga kwa ajili ya hayo mengine yaliyobaki."

Nikafungua chupa. Maji ya Garissa hayapoi, yalikuwa vuguvugu. Nilimmwagia utosini polepole, mkono wangu mmoja umeiziba plasta isilowe, na nikasema mashallah, tabarakallah, kwa sauti, mara nyingi, mpaka chupa ikaisha. Yalimtiririkia shingoni, mkeka ukalowa, naye hakusogea. Tulikaa hivyo hadi mwadhini wa magharibi. Nilipoinuka kuondoka nilijifanya siitazami ile barua mezani.

Nilifika nyumbani bila chupa yangu. Shurie aliiulizia, maana alitaka chai.

Jumatatu sikumuuliza mtu. Jumanne sikumuuliza mtu. Jumamosi ya nane mzee Alio alinifungulia geti, nikaingia stoo ya mafaili, na mezani, kabla ya picha ya mtu yeyote, ilikuwa imesimama chupa ya chai yenye alama ya kijani, imejaa. Idil alikuwa amekaa nyuma yake.

"Nimekuja kurudisha," alisema. "Kwetu chupa huchukuliwa."

Barua hakuichana, na sitadanganya kwamba aliichana. Aliirudisha mfukoni mwa koti na iko humo mpaka leo. Aliomba ruhusa ya wiki tatu akaenda Wajir kwa mama yake, akarudi. Wamempunguzia zamu, si kama inavyotakiwa, lakini wamempunguzia. Kila mwezi anapiga picha moja na kunitumia, na akipoteza mtu huja studio, akakaa kwenye kiti cha wateja mimi nikikata pasipoti, tukanyamaza pamoja.

Picha ya chupa ilichaguliwa kwa kura zote, yangu ikiwemo. Kwa kuwa simuni ilikuwa imefutwa, ilibidi ikuzwe kutoka kwa nakala ile ya karatasi, na aliyeikuza ni mimi, kwa mikono yangu, siku mbili nzima. Chini yake pameandikwa Daktari Idil. Nilifikiria kuweka jina la studio pembeni kwa herufi ndogo, nikaona haya. Ngamia wangu wako kwenye kalenda ya duka moja la dawa za mifugo.

Nikienda hospitali napita mbele ya ukuta ule. Wanaume wanasimama, wanawake wanasimama, mzee Alio huwaonyesha wageni kidole: "Hiyo ya nyuzi nyekundu, angalia." Nami nasimama, natazama, na nasema mashallah. Kisha nasema tena, kwa sababu ya kwanza bado hupitia puani.